Siku Aliyoitoa Nyanya

Siku hizo historia haikusomwa tena vitabuni. Kila mtahiniwa wa kidato cha nne alipewa kumbukumbu ya mtu aliyelishuhudia tukio, na shahidi akishaitoa, hakubaki nayo.

Mghoi alipangiwa maandamano ya kudai katiba. Nyanya yake, Wakesho, alikuwapo.

"Lakini siku hiyo ndiyo aliyouawa babu," Mghoi alimwambia. "Niombe shahidi mwingine?"

"Ichukue, mjukuu wangu, pamoja na matanga yake. Nimeibeba miaka arobaini. Heri ikupe cheti."

Muuguzi wa shule aliihamisha kwa nusu saa. Mghoi aliamka akilia, kwa kuwa alikuwa ameuhisi mkono wa babu Mwasi ukilegea ndani ya mkono wake. Kwenye mtihani alieleza sababu tano za maandamano na matokeo yake bila kufuta hata neno moja. Akapata A.

Alipoleta habari hiyo nyumbani, alimkuta Nyanya amejifunga leso mpya. Mezani palikuwa na sahani ya ziada, imefunikwa.

"Hii ni ya nani, Nyanya?"

"Ya babu yako. Sijui leo amechelewa wapi." Nyanya alichungulia dirishani, kisha akamgeukia. "Wewe ndiwe uliyesoma. Hebu niambie, atarudi?"

Mghoi alijua saa, barabara, hata rangi ya shati alilokuwa amevaa babu siku hiyo. Hakuna mwingine nyumbani aliyejua.

"Yuko njiani, Nyanya," alisema.