Mchicha wa Bi Zawena

Shimo la maji machafu kwenye sehemu yake ya kuoshea magari lilipojaa tope, Mbaruku hakuita gari la majitaka, bei ilimshinda. Tope alilimwaga uani kwa jirani yake, Bi Zawena, akamwambia ni udongo mzuri wa mtoni.

Leo Bi Zawena alimletea fungu la mchicha. "Malimbuko ni ya aliyenipa udongo, mwanangu. Wajukuu wanautamani tangu jana, nimewaambia wewe ndiye wa kuonja kwanza."

Mbaruku aliupokea kwa mikono miwili, macho chini. Mizizi ilinuka dizeli. Alipoutumbukiza ndooni, utando wa mafuta ulitanda juu ya maji.

"Niwapikie wajukuu sasa?" Bi Zawena aliuliza, akiinama kutazama.

Mbaruku akayavuruga maji upesi. Utando ukapasuka, kisha ukaanza kujiunga tena, taratibu, mbele ya macho yao.