Ubeti Mmoja Tu

Kwenye mazishi ya kaka yake, Jairo aliombwa na mchungaji apige ubeti mmoja tu wa tenzi kwa hamonika, watu waimbe, kisha mjane atupe udongo wa kwanza.

Alianza vizuri. Lakini mazoea yana taabu. Hamonika ile ilizoea baa ya Sirari, ambako kila Jumamosi Jairo huipigia jazi mpaka wateja wasahau bia zao. Katikati ya ubeti akavuta pumzi, akaipinda noti moja hadi ikalia kama mtu, nayo ikaita nyingine. Akafumba macho, akazifuata. Akasikia raha, raha kabisa.

Alipofumbua macho, hakuna aliyekuwa akiimba. Hakujua waliacha lini. Mjane alikuwa amepiga magoti ng'ambo ya kaburi, kiganja kimejaa udongo, anamngoja.

"Umemaliza, shemeji?" akauliza taratibu, bila hasira.

Jairo akaishusha hamonika, uzi wa mate ukining'inia. Ndipo akaona kwamba shemeji yake hamtazami usoni. Alikuwa akiutazama mguu wa kulia wa Jairo, uliokuwa bado unapiga mdundo ukingoni mwa kaburi, na kila pigo likiporomosha udongo juu ya jeneza.