Maharage ya Ukweni

Kina mama wenzangu, chungeni vidole vyenu. Mnajua kila mwisho wa mwezi huwaandikia hapa kwenye kundi letu la simu nilichokula, nilikotembea na kitabu nilichosoma. Mwezi uliopita niliandika kwamba ukweni kwa binti yangu nimelishwa maharage yanayonuka moshi. Mkacheka sana.

Jana nilirudi kule.

"Karibu, mkwe mwenye pua kali," akasema mama mkwe wa binti yangu, simu mkononi, andiko langu likiwa wazi. "Siku ile nilikuwa naumwa. Maharage alipika mwanao."

Binti yangu akaninawisha mikono bila kuniangalia. Kwenye kidole gumba chake kulikuwa na kovu la kuungua, bado jipya.

Akaweka bakuli la maharage mbele yangu.

"Onja, mama," akasema. "Halafu uwaandikie."