Baiskeli ya Masudi

Mwanaidi alipiga magoti sokoni nyuma ya baiskeli ya mtu asiyemjua, akashika keria kwa mikono miwili, akakataa kuiachia.

"Hii ni ya mume wangu. Nondo hizi alizichomelea nyumbani Kondoa, nikimwona."

Mwenye baiskeli alitazama watu waliokusanyika, kisha akaomba spana, akaifungua keria, akampa. Alisema aliuziwa na mtu mpole tu, mwenye haraka.

Miezi minane ilikuwa imepita tangu Masudi atoke na baiskeli yake kwenda kuuza asali Dodoma. Hakurudi. Polisi walisema hawana mwili wala baiskeli, hawajui waanzie wapi. Ndugu walishamsomea hitma. Mwanaidi akamwacha Tabu na wadogo zake kwa mama mkwe, akaja kwa shangazi yake Mkonze, pembeni mwa Dodoma, akawa anazunguka kwa mafundi baiskeli, mmoja baada ya mwingine. Aliyeuza vyuma vile ndiye aliyemuua mumewe. Hilo hakuwa na shaka nalo.

Kiti alikipata wiki ya pili. Fremu aliikuta kwenye kibanda cha fundi Abeli, imepakwa rangi ya kijani.

"Nani alikuuzia?"

"Jina silijui, dada. Ila baiskeli aliijua. Kuna nati ilinishinda, akaifungua yeye."

"Ukimwona tena?"

"Nitamtambua."

"Basi niundie yote. Akiiona imesimama, atashtuka."

Abeli akaiunda. Tairi la mbele lilitoka kwenye baiskeli ya Kichina, cheni kwenye nyingine iliyogongwa na lori, usukani ukawa wa kike. Mwanaidi alisugua fremu kwa msasa siku nzima, vidole vikatoka damu, hadi weusi wa zamani ukaonekana.

Wakaiegesha kando ya barabara. Mwanaidi akakaa ndani ya kibanda, nyuma ya pazia la gunia, namba ya simu ya askari ameiandika kiganjani. Abeli angekohoa akimwona mtu yule.

Siku nne zilipita. Chakula alichotuma shangazi kilirudi kama kilivyokuja.

"Rudi kwa wanao, dada," Abeli alimwambia.

"Nikawaambie nini?"

Siku ya tano, saa nne asubuhi, pikipiki ilisimama nje. Abeli akakohoa.

Mwanaidi alisahau namba, akasahau askari. Alitoka mbio. Dereva wa bodaboda, helmeti kichwani, alikuwa ameinamia baiskeli, amempa mgongo, anapitisha mkono polepole juu ya kiti.

Akamkamata koti kwa nyuma.

"Ulimzika wapi?" alisema. "Niambie tu ulimzika wapi."

Mtu yule aligeuka, akavua helmeti.

"Mama Tabu," alisema mumewe.