Gari la Wagonjwa Liko Njiani

“Haloo, hospitali? Njooni haraka!” Eleodoro alikiambia kipande cha mbao alichokibana sikioni.

Shemeji yake seremala ndiye aliyekichonga, akakipaka rangi nyeusi na kukichomeka antena ya redio mbovu. Miaka ile simu za mkononi zilikuwa ngeni Santiago, na mwanamume asiye na simu garini alionekana si lolote. Kila foleni ikisimama, Eleodoro, dalali wa nyumba, alifungua madirisha akaongea na mti wake kwa sauti. Aibu ya maiti aione mwosha. Ya simu ile aliijua shemeji peke yake.

Jumapili hii, kando ya barabara ya Melipilla, Bi Otilia muuza empanada, sambusa za kuoka, alikuwa ameanguka mbele ya tanuri lake, mkono kifuani, midomo imebadilika rangi. Binti yake, Nieves, akamkimbilia Eleodoro, aliyekuwa kati ya wateja na simu yake mkononi.

“Bosi, wewe una simu! Piga hospitali, mama anakufa!”

Angesema nini mbele ya wateja wote wale? Bahati yake, ng'ambo ya tanuri bwana mmoja mwenye tai na gari jeupe alikuwa tayari na simu sikioni, anafoka: “Ndiyo, barabara ya Melipilla! Fanyeni hima!”

Yule ana simu ya kweli, Eleodoro akajituliza. Mimi nichezeshe midomo tu, nani atadhurika?

Bwana wa tai akamwinulia kidole gumba. Naye akainua chake.

“Wanakuja?” Nieves akauliza.

“Wanakuja, binti.”

Dereva wa lori la vitunguu akasogea. “Jamani, tumpakie kwangu. Hospitali yenyewe si mbali hivyo.”

“Mama mtu mzima umlaze juu ya vitunguu?” mteja mmoja akamkemea. “Huoni mabosi wameshapiga simu?”

Nieves akamgeukia Eleodoro. “Tumpeleke au tungoje?”

“Asisogezwe,” akasema. “Gari la wagonjwa liko njiani.”

Lori likaondoka.

Wakangoja. Mwanamke mmoja akamsogezea Eleodoro kiti. “Kaa, baba. Mungu akuzidishie. Wenye simu wengine wana roho mbaya, hata hawakutazami.”

Loo! Uso ulimwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na mbao yake. Kiti akakikataa, akapiga magoti mavumbini na kuushika mkono wa Bi Otilia. Ulikuwa umeanza kupoa, na barabarani hakukusikika king'ora.

Bwana wa tai akaja, macho yamemlowa, akamwinamia sikioni.

“Ahsante sana, ndugu yangu. Usingekuwepo wewe, sijui ningeuficha wapi uso wangu. Hii yangu ni ya kuchezea, ya mwanangu.”