Mto wa Koplo Magesa

Siku hizi jeshi likimchukua mtu, nyumbani kwake huletwa mto wa kulalia ulioungwa na mwili wake. Akipata homa huko mpakani, mto unachemka. Akiumia, unavimba, na mkewe hupiga simu hospitali ya jeshi kabla daktari hajamfikia.

Nyamisi alidhani mto unatoa habari tu. Hakujua kwamba unapokea pia. Siku mumewe, Koplo Magesa, alipovunjika mguu, mto ulivimba upande mmoja, naye kwa uchungu akaukanda kwa maji moto, akaufunga kanga. Jioni Magesa akapiga simu.

"Mama Wegesa, kuna mikono imenishika mguu. Maumivu yameisha kabisa."

Nyamisi alikaa sakafuni akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Tangu hapo mto haukukosa wa kuukumbatia. Binti yao, Wegesa, alikuwa akiulalia kila siku, hata alipopata tetekuwanga.

Asubuhi moja kapteni wa hospitali alipiga simu kutoka wodini.

"Mama, nani anaumwa huko nyumbani? Vilianza kwa mumeo, sasa kikosi kizima kimetokwa na vipele, na mmoja akiwashwa wote wanawashwa."

Nyamisi, simu ikiwa bado sikioni, alikimbilia chumbani amnyang'anye mtoto mto. Ulikuwa umejaa vipele kila mahali. Wegesa alikuwa akiukuna polepole, kwa ncha za vidole.

"Baba anawashwa," alisema.

Mto ukashusha pumzi ndefu. Na kwenye simu, nyuma ya sauti ya kapteni, wanaume wengi wakashusha pumzi kwa pamoja.