Kabati la Shani

Kila kabati la chakula mjini lilikuwa na sauti. Halikumfungulia mtu sahani yake mpaka aseme anachohisi, na maneno yake yalingane na mapigo ya moyo wake. Kumgawia mwenzako chakula lilikuwa kosa. Serikali ilitaka watu waache kula ili kutuliza huzuni, basi. Tunu alizoea. Bintiye Shani, wa miaka tisa, alishindwa.

“Unajisikiaje?” kabati liliuliza.

“Nina njaa.”

“Njaa si hisia. Jaribu tena.”

“Furaha? Hasira?” Alikuwa anabahatisha tu. Kifuani kulikuwa na kitu, ila hakukijua jina. Siku nyingine alilala na njaa. Siku kabati lilipokubali, alikula mpaka akatapika.

Ndipo Tunu akabuni njia yake. Alimfinya juu ya kiwiko mpaka machozi yakamlenga mtoto. “Haya, sema upesi: nina uchungu!”

“Nina uchungu.”

Kabati likafunguka.

Likizo ilipofika walikwenda Kondoa kwa mama yake Tunu, ambako kabati bado lilikuwa mbao tupu. Bibi akatandika mkeka, akaweka ugali na mlenda wa moto.

“Karibu, mjukuu wangu. Nawa ule. Hapa haulizwi mtu kitu.”

Shani akanawa, lakini hakugusa chakula. Alipandisha mkono wa gauni, akamgeukia mama yake na kumnyooshea mkono uliojaa alama za kucha.

“Mama,” alisema, “bado hujanifinya.”